BARIDI NA MCHUNGWA: JINSI MTI WA NCHI ZA JOTO UNAVYOISHI MPAKANI MWA JALIDI

UTANGULIZI

Chungwa liuzwalo katika soko la Muheza mara nyingi huwa na ganda la kijani, ingawa ndani limekwisha iva na kujaa maji matamu. Chungwa likuzwalo Hispania au Kalifornia hupata rangi ya dhahabu. Mnunuzi asiyejua hulidhania lile la kwanza kuwa bichi. Tofauti hii haitokani na mbolea wala na ustadi wa mkulima. Inatokana na baridi. Umbijani, yaani ile rangi ya kijani iliyomo katika ganda, huvunjika tunda linapopitia siku nyingi ambazo jotoridi la usiku huteremka hadi nyuzi 13 hivi au chini yake. Usiku wa namna hiyo ni nadra sana katika pwani ya Afrika ya Mashariki, kwa hiyo umbijani hubaki.

Ni dhahiri basi kwamba baridi kiasi humfaa mkulima wa machungwa. Hulipa tunda rangi, huuzuia ukali wake usipungue mno, na huupumzisha mti ili baadaye utoe maua kwa wingi na kwa wakati mmoja. Lakini nchi zenye baridi hiyo ya manufaa zimepakana na nchi zenye baridi ya kuua. Kutoka usiku unaolitia chungwa rangi hadi usiku unaoupasua mti shina, tofauti ni nyuzi 20 hivi tu.

Makala haya yanaeleza mambo yanayotokea katika mpaka huo: ndani ya jani, katika hewa inayouzunguka mti, na katika mikono ya mkulima. Jambo moja litajitokeza kila mara, nalo ni kwamba mti hauuawi na kipimo cha baridi peke yake. Hali ya mti kabla ya baridi kuja, muda ambao baridi inadumu, na mahali mti uliposimama, yote haya huamua kama mti utaishi au utakufa. Nyuzi zote zilizotajwa ni za kipimo cha Sentigredi.

MTI WENYE USINGIZI WA MANG'AMUNG'AMU

Asili ya jamii ya michungwa ni miteremko ya kusini mashariki ya milima ya Himalaya, katika nchi zinazojumuisha Assam, kaskazini ya Myanmar, na Yunnan huko China. Huko mvua ni nyingi na joto halikosekani. Kwa sababu hiyo mchungwa haukurithi desturi ya miti ya nchi za baridi, kama vile mtufaa, ambayo hupukutisha majani yote na kulala usingizi mzito mpaka majira ya baridi yapite. Mchungwa hukaa na majani yake mwaka mzima. Jotoridi likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, mti huacha kukua. Lakini zikija siku chache za joto, mara huchipua tena. Usingizi wake ni wa mang'amung'amu.

Jamii hii ina ndugu wengi, nao hawalingani katika kuvumilia baridi. Wakipangwa kuanzia aliye dhaifu hadi aliye hodari, mpango wao ni huu:

(a) Mndimu, ambao huanza kudhurika jotoridi lifikapo nyuzi 2 chini ya sifuri.
(b) Mlimau.
(c) Mfurungu na mbalungi.
(d) Mchungwa, ambao ukiwa umezoea baridi huweza kustahimili nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri kwa muda mfupi.
(e) Mdanzi na aina nyingi za mchenza.
(f) Mchenza wa Japani uitwao satsuma, ambao ukizoea baridi hustahimili hadi kiasi cha nyuzi 9 chini ya sifuri.
(g) Mti wa majani matatu (Poncirus trifoliata), jamaa wa karibu wa michungwa, ambao hupukutisha majani na huweza kustahimili zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Vipimo hivi visisomwe kama sheria. Ni vya miti mikubwa, yenye afya, iliyokwisha kuzoeshwa baridi polepole. Mti ule ule usiozoea huweza kufa katika baridi iliyo nusu ya hiyo.

BARAFU NDANI YA JANI

Mwanafunzi anayejua kwamba maji huganda kwenye nyuzi sifuri atauliza: imekuwaje basi jani la mchungwa, ambalo sehemu yake kubwa ni maji, lisigande papo hapo jotoridi linapovuka sifuri?

Sababu ni mbili. Kwanza, maji yaliyomo katika seli si maji matupu. Yamechanganyika na sukari na chumvi mbalimbali, na kila mchanganyiko wa namna hiyo huganda chini ya sifuri. Pili, maji huhitaji kitu cha kuanzia kuganda, mfano wa punje ambayo fuwele ya kwanza ya barafu itashikamana nayo. Yakiikosa punje hiyo, huweza kuteremka chini ya kiwango chake cha kuganda na bado yakabaki kimiminika. Jani kavu la mchungwa, lisiloguswa na kitu, huweza kufika nyuzi 5 chini ya sifuri pasipo barafu kutokea ndani yake.

Mara nyingi barafu huanzia nje. Umande ulioganda juu ya jani hupenya kupitia vinyweleo au mikwaruzo. Aidha, katika miaka ya 1970 wataalamu waligundua kwamba bakteria fulani waishio juu ya majani, hasa wale waitwao Pseudomonas syringae, wana protini ambayo maji huganda kwa kuizunguka, hata jotoridi likiwa nyuzi 2 tu chini ya sifuri. Kwa hiyo majani mawili yaliyo sawa kwa kila hali huweza kupatwa na mambo tofauti usiku mmoja, kwa kuwa moja lilikuwa na maji juu yake na jingine lilikuwa kavu.

Barafu ikianza, kwa kawaida haianzi ndani ya seli. Huanza katika nafasi zilizo kati ya seli na seli. Barafu hiyo huyavuta maji kutoka ndani ya seli, na seli husinyaa kama zabibu iliyoanikwa. Kadiri jotoridi linavyozidi kushuka, ndivyo maji mengi zaidi yanavyotoka. Mwishowe utando wa seli huharibika na kushindwa kazi yake ya kuzuia. Jua lichomozapo na barafu kuyeyuka, vilivyomo ndani ya seli huvuja. Jani huonekana jeusi na lenye majimaji, kana kwamba limechemshwa, kisha hukauka. Kwa maana halisi, jalidi huua kwa kiu.

Tunda nalo lina kipimo chake. Chungwa lililoiva huanza kuganda ndani likikaa saa 4 au zaidi katika nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Tunda hilo haliozi mara moja, bali vikaka vyake hukauka polepole katika majuma yanayofuata. Ndiyo sababu machungwa yaliyopatwa na jalidi hupelekwa haraka viwandani kukamuliwa kabla hayajapoteza maji.

Sasa, mti huzoeaje baridi? Ukipata majuma kadhaa ya siku na usiku wenye baridi isiyofikia kugandisha, mti huacha kukua, hulimbikiza sukari katika seli, na hubadilisha utando wa seli ili uvumilie kusinyaa. Hali hii ya ukakamavu huchukua majuma mengi kujengeka. Lakini siku chache za joto zatosha kuibomoa.

FUNZO LA FLORIDA

Hakuna mahali palipoonyesha jambo hilo kwa hasara kubwa kuliko jimbo la Florida, nchini Marekani. Katika karne ya 19 wakulima walipanda michungwa kaskazini na katikati ya jimbo hilo, na kufikia msimu wa 1893–1894 mavuno yalikuwa kiasi cha makasha milioni 5. Miji midogo iliishi kwa zao hilo moja.

Mwishoni mwa Desemba 1894 baridi kali iliingia kutoka kaskazini. Katika eneo la Orlando jotoridi lilishuka hadi kiasi cha nyuzi 8 chini ya sifuri. Matunda yaliganda mitini na majani yakapukutika, lakini mashina mengi yalibaki hai, na wakulima wakatumaini. Kisha Januari ikawa ya joto. Miti, ambayo usingizi wake si mzito, ikaamka, maji yakapanda, na machipukizi yakatokeza. Tarehe 7 na 8 Februari 1895 baridi ikarudi. Haikupishana sana na ile ya kwanza kwa ukali wake, lakini safari hii ilikuta miti imevua ngao. Maganda ya mashina yalipasuka, na miti ikafa hadi ardhini. Mavuno ya msimu wa 1895–1896 hayakufika makasha laki 2. Watu wengi waliyaacha mashamba yao, na kilimo cha machungwa kikaanza kusogea kusini.

Yaliyopita husahauliwa. Mvua nzuri na bei nzuri ziliwarudisha watu katikati ya Florida, na kwa miaka mingi michungwa ilistawi tena. Katika mji wa Clermont ulifunguliwa mnara mwaka 1956 ili wageni wapande na kutazama mashamba ya michungwa yaliyoenea pande zote. Jalidi za Desemba 1983, Januari 1985 na Desemba 1989 ziliyaua mengi ya mashamba hayo. Mnara ungalipo, lakini apandaye leo huona zaidi nyumba na barabara.

Florida inafundisha kwamba swali la kuuliza si "Baridi ilikuwa nyuzi ngapi?" tu, bali pia "Mti ulikuwa katika hali gani baridi ilipoukuta?" Mkulima wa mpakani hujihadhari asiupe mti mbolea nyingi ya naitrojeni wala asiupogoe mwishoni mwa majira ya joto, kwa kuwa mambo yote mawili huuamsha na kuutolesha machipukizi laini wakati ambapo ungepaswa kujikakamaza.

MTO WA HEWA USIOONEKANA

Baridi ya kugandisha huja kwa njia mbili. Ya kwanza huletwa na upepo kutoka nchi za baridi, nayo hulifunika eneo lote, mlima na bonde. Ndiyo iliyoipiga Florida. Ya pili huzaliwa papo hapo, katika usiku mtulivu usio na mawingu. Wakati wa mchana ardhi hupokea joto la jua; usiku huitoa hazina hiyo kwa njia ya mnururisho. Mawingu yakiwapo, hurudisha sehemu ya joto hilo, mfano wa blanketi. Yasipokuwapo, joto hupotea angani, ardhi hupoa, na hewa iliyoigusa hupoa pia.

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto. Katika usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi sifuri ina uzito wa kilogramu 1.29 hivi, ile ya nyuzi 10 ina kilogramu 1.25. Tofauti hiyo ya gramu 40 yaonekana ndogo, lakini inatosha kuifanya hewa baridi iteremke polepole kwenye miteremko kama maji na kutuama mabondeni. Hivyo usiku wa jalidi hali ya kawaida hupinduka: chini kuna baridi, na mita 10 au 15 juu kuna hewa yenye joto zaidi kwa nyuzi kadhaa.

Kutokana na maelezo haya, mkulima hupata kanuni zifuatazo:

1. Asipande michungwa katika bonde au shimo lisilo na njia ya kutolea hewa. Mahali bora ni katikati ya mteremko.

2. Ua mnene uliokatiza mteremko upande wa chini wa shamba huwa bwawa la hewa baridi. Auachie mwanya.

3. Ardhi iliyo wazi, iliyoshindiliwa na yenye unyevu huhifadhi joto jingi mchana na kulitoa usiku. Matandazo ya nyasi, ambayo ni msaada mkubwa wakati wa kiangazi, huwa madhara usiku wa jalidi, kwa sababu hulizuia joto la ardhi lisiufikie mti.

4. Pangaboi kubwa zinazosimikwa juu ya nguzo mashambani husaidia kwa kuivuta chini hewa ya joto iliyo juu. Lakini kama baridi imeletwa na upepo, juu hakuna hewa ya joto ya kuvutwa, nazo hazina faida.

Kanuni za mahali zilijulikana kabla sayansi haijazieleza. Kando ya ziwa Garda, kaskazini ya Italia, karibu na latitudo ya nyuzi 46 kaskazini, wakulima wa karne zilizopita walikuza malimau. Walijenga matuta ya mawe yaliyoelekea jua, kuta nene upande wa nyuma, na nguzo ndefu za mawe ambazo juu yake waliweka mbao na vioo wakati wa baridi. Ziwa lenye kina kirefu liliipa hewa joto usiku, kuta zilitunza joto la mchana, na mlima ulizuia upepo. Mlimau, ambao ni wa pili kwa udhaifu katika orodha iliyotangulia, uliishi huko kwa msaada wa mawe na maji.

MTI WA CHINI NA MTI WA JUU

Mahali pazuri hapatoshi ikiwa mti wenyewe ni dhaifu. Mchungwa wa kisasa kwa kawaida ni miti miwili katika mmoja. Chini kuna mti wa kubebeshea, wenye mizizi. Juu kuna kikonyo cha aina inayotakiwa kwa matunda. Mti wa chini hauwezi kubadilisha asili ya ule wa juu, lakini huweza kuutawala mwendo wake. Mlimau mkali wenye ganda la manundu, ambao hutumika sana Afrika ya Mashariki, huuharakisha mti wa juu kukua, na kwa hiyo huufanya mwepesi kudhurika na baridi. Mti wa majani matatu hufanya kinyume: huacha kukua mapema majira ya baridi yanapokaribia, na huulazimisha mti wa juu utulie pamoja nao.

Wajapani wamejenga kilimo chao cha machenza juu ya jambo hili. Satsuma, ambayo inaaminiwa kuwa ilizaliwa katika eneo la Kagoshima zaidi ya miaka 400 iliyopita, hubebeshwa juu ya mti wa majani matatu na kupandwa katika miteremko inayoelekea bahari, kama vile ya Wakayama na Ehime. Zaidi ya uhodari wake, aina zake nyingi huiva mapema, na mavuno humalizika kabla ya baridi kali. Kwa njia hiyo tunda huepukana na baridi, na mti pekee huachiwa kuikabili.

Tangu zamani Wachina walisimulia kwamba mchungwa ukivushwa kaskazini ya mto Huai hugeuka kuwa mti wa majani matatu. Hakuna mti ugeukao mwingine. Lakini mkulima yeyote wa miti iliyobebeshwa huweza kuona jambo linalofanana na masimulizi hayo: baridi huua kikonyo cha juu, na kutoka chini huchipua mti wa kubebeshea, wenye matunda machungu.

Baada ya maafa ya 1894–1895, wataalamu wa Serikali ya Marekani, Walter T. Swingle na Herbert J. Webber, walijaribu kuoanisha mchungwa na mti wa majani matatu ili wapate chungwa tamu lisiloogopa jalidi. Miche waliyoipata ilivumilia baridi vizuri, ila matunda yake yalikuwa na uchungu. Kwa shabaha yao ya kwanza, jaribio halikufaulu. Lakini chotara za namna hiyo, kama vile Troyer na Carrizo, baadaye zilithibitika kuwa miti bora ya kubebeshea, kwani michungwa iliyobebeshwa juu yake hustahimili ugonjwa wa tristeza ambao uliangamiza mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya mdanzi. Kazi iliyofanywa kwa ajili ya baridi ikaokoa mashamba ya nchi zenye joto.

MAJI YANAYOTOA JOTO

Kinga inayowashangaza wanafunzi kuliko zote ni ya kuunyunyizia mti maji usiku wa jalidi. Kilogramu moja ya maji ikiganda hutoa kilojuli 334 za joto fiche. Maji yakinyunyizwa mfululizo, kuganda kwake hulifanya tawi lililofunikwa na barafu libaki karibu na nyuzi sifuri, ingawa hewa ni baridi zaidi. Mashambani hutumika vinyunyizio vidogo vinavyolenga shina la mti mchanga, hasa mahali kikonyo kilipoungana na mti wa chini.

Lakini kinga hii ina hatari yake. Kilogramu moja ya maji ikigeuka mvuke hunyonya kilojuli 2,500 hivi, yaani mara saba na nusu ya joto linalotolewa na kilogramu ile ile ikiganda. Upepo ukivuma, au pampu ikisimama usiku wa manane, mvukizo hupita kuganda, na mti uliolowana hupoa kuliko jirani yake aliye mkavu. Asiye na maji ya kutosha mpaka asubuhi ni heri asianze.

Njia ya zamani, isiyohitaji mashine, ni ya kuufukia mche kwa udongo mkavu safi mpaka juu ya kiungo cha kikonyo, na kuufukua baridi ipitapo. Matawi yakifa, shina lililofukiwa hubaki hai na kuchipua aina ile ile iliyobebeshwa.

Jalidi ikishapita, kazi kubwa ni subira. Matawi yaliyokufa hayajulikani mara moja. Akataye mapema huweza kukata yaliyo hai, na kuamsha machipukizi ambayo jalidi nyingine itayaunguza. Yafaa kungoja mpaka mti uonyeshe wenyewe mahali uhai ulipoishia.

NYANDA ZA JUU ZA AFRIKA YA MASHARIKI

Afrika ya Mashariki ina mpaka wake wa baridi, ila haupimwi kwa latitudo bali kwa kimo. Kwa wastani jotoridi hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Ikiwa pwani wastani wa mwaka ni nyuzi 26, katika kimo cha mita 2,000 hesabu hutoa nyuzi 14, ambazo zi karibu kabisa na kile kiwango cha 13 ambapo mchungwa huacha kukua. Jalidi yenyewe hutokea pia. Huonekana katika uwanda wa Kitulo katika miezi ya baridi, na Januari 2012 iliunguza chai katika sehemu za Kericho na Nandi nchini Kenya.

Mwalimu na ajihadhari asihamishe vipimo vya Japani kama vilivyo. Huko baridi huja polepole kwa miezi, na mti hupata muda wa kujikakamaza. Katika nyanda za juu za tropiki tofauti kubwa si ya majira bali ya mchana na usiku: jua la mchana huuchangamsha mti, na usiku ule ule huweza kuleta jalidi. Mti wa namna hiyo unafanana zaidi na ule wa Florida wa Februari 1895 kuliko ule wa Wakayama. Kwa hiyo hapa uchaguzi wa mahali una uzito zaidi ya uchaguzi wa aina.

Kuna adui mwingine apendaye baridi kiasi. Mdudu mdogo arukaye, Trioza erytreae, ambaye hustawi penye ubaridi na unyevu, hueneza ugonjwa unaoyafanya majani ya michungwa kuwa na mabaka ya manjano na matunda kubaki madogo, yaliyopinda na machungu. Bakteria wa ugonjwa huo wa Kiafrika hawapendi joto la zaidi ya nyuzi 30, na kwa hiyo madhara yake yameonekana zaidi nyanda za juu kuliko pwani. Ugonjwa jamaa yake wa Kiasia, unaostahimili joto, uligunduliwa Florida mwaka 2005 na umeangamiza mashamba mengi kuliko jalidi. Mdudu aenezaye huo wa Kiasia amekwisha onekana Tanzania na Kenya. Mkulima wa nyanda za juu anapotafuta miche, basi, asiulize tu kama inavumilia baridi. Aulize pia kama imetoka katika kitalu kisicho na ugonjwa.

MAJARIBIO YA DARASANI

Jaribio la 1: Kuvuja kwa seli. Changanya sehemu tatu za barafu iliyopondwa na sehemu moja ya chumvi katika chombo. Tia vipande 10 vya jani la mlimau au mchungwa katika neli ya majaribio, na neli katika mchanganyiko huo kwa nusu saa. Vipande vingine 10 vibaki katika joto la chumba. Kisha kila fungu litiwe katika kiasi sawa cha maji yaliyokenekwa kwa saa moja. Pitisha umeme wa betri katika maji ya kila chombo na usome ameta. Fungu lipi limepitisha mkondo mkubwa zaidi? Chumvi zilizoupitisha zimetoka wapi?

Jaribio la 2: Maji na mvukizo. Funga kitambaa chenye maji kwenye tungi la kipimajoto kimoja na kingine kiache kikavu. Vipepee vyote viwili kwa dakika 5. Linganisha masomo.

Jaribio la 3: Mto wa hewa. Usiku mtulivu usio na mawingu, weka vipimajoto vitatu: bondeni, katikati ya mteremko, na juu. Visomwe kabla ya jua kuchomoza, kwa usiku 10 tofauti. Andika pia hali ya mawingu na upepo. Shule iliyo nyanda za juu ikifanya kazi hii kwa mwaka mzima itakuwa na ramani ya baridi ya kijiji chake, kitu ambacho mkulima anayetaka kupanda michungwa hawezi kukinunua dukani.

MASWALI

1. Eleza kwa nini baridi ya Februari 1895 iliua miti mingi ambayo ile ya Desemba 1894 iliiacha hai.

2. Mkulima amenyunyiza kilogramu 300 za maji mtini. Kilogramu 270 zimeganda na 30 zimegeuka mvuke. Je, mti umepata joto au umepoteza? Rudia hesabu ikiwa zilizogeuka mvuke ni kilogramu 40 na zilizoganda ni 260.

3. Kusini mwa Tanzania, katika miezi ya Juni na Julai, mteremko upi hupata jua zaidi, unaoelekea kaskazini au kusini? Kwa nini wakulima wa Italia walichagua kinyume chake?

4. Katika kijiji cha nyanda za juu, mzee mmoja anasema kwamba michungwa iliyo karibu na mto, chini bondeni, hufa kila mara, ilhali ile ya nyuma ya nyumba yake mlimani huishi. Jirani yake anasema ni bahati. Mjibu jirani huyo.